Hesabu ya Ndala

Usiku, kabla sijafunga komeo,
nainama mlangoni na tochi ya simu
nahesabu ndala.
Watoto siwahesabu. Watoto hawatulii:
ukifika wa nne, wa pili keshahamia mkeka mwingine,
wa tano yuko chooni, anaimba ili asiogope.
Ndala hazina mbio.
Pea sita, ndala kumi na mbili,
na Swaumu wa mgongoni, ambaye bado anatembea kwa miguu yangu.

Wanne wangu. Watatu wa dada Sikudhani,
walioteremka kutoka Masasi siku shule zilipofungwa
na begi moja la wote, debe la korosho ghafi,
na salamu: "Wakikusumbua, chapa. Wakila sana, nipigie."
Sijachapa. Sijapiga.
Unga wa wiki umekwisha Jumatano.

Asubuhi hapa Chikongola huanza na ugomvi wa kikombe,
kile cha buluu kilichovunjika mkono.
Vizima vipo vitano, lakini chai, wanasema,
humo ndimo inamokolea sukari.
Chande anasema mgeni kwanza.
Mfaume anasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
na leo ni ya tisa.
Namimina chai yangu kwenye kikombe cha buluu
nainywa mwenyewe, polepole, wakinitazama.

Mchana wanachoma korosho uani, juu ya bati lililotobolewa.
Moshi unaingia kwa Mama Fadhila,
Mama Fadhila anaingia kwangu.
Tatu kabangua kwa meno kabla haijapoa,
mdomo umeumuka kama andazi la Idi.
Nuhu kajipangusa bibo kwenye shati la shule.
Doa la bibo halijui sabuni.
Januari mwalimu ataliona, nami nitamwambia:
ndiyo ramani ya likizo, mwalimu.

Somoe kanichagulia mchele, nusu ungo, bila kutumwa.
Ana miaka tisa. Ameanza kuvuta pumzi kama mimi,
ile ndefu, kabla ya kuinuka.
Nilipoisikia nilimpokonya ungo.
Nenda kacheze, nikasema, kwa ukali ambao hakuuelewa.

Jumamosi usiku nikahesabu kumi na moja.
Nikarudia. Nikatazama chini ya kabati, kwenye banda la kuku,
nyuma ya pipa.
Kumi na moja.
Ya kushoto ya Bashiru, mpya, ya kijani,
aliyonunuliwa kwa pesa ya korosho
kabla pesa ya korosho haijafika.
"Nani?"
Mikeka miwili, kimya.
Kimya cha watoto waliolala nakijua, kina mikoromo na mateke.
Hiki kilikuwa cha watoto waliofumba macho.

Asubuhi nikaliona gari.
Dumu la mafuta ya kula, limekatwa madirisha,
ekseli za njiti za ufagio wangu,
na magurudumu manne ya kijani, mviringo safi,
kwa wembe wangu.
Bashiru mwenyewe dereva, mguu mmoja mtupu,
Mfaume fundi, Chande abiria na mizigo yake ya mchanga,
Nuhu utingo, anapiga ubavu wa dumu: twende, twende!
Mwiko niliukuta mkononi, sikumbuki niliuchukua lini.
"Linakwenda wapi hilo?"
Nuhu tu ndiye aliyejibu.
"Masasi. Kumleta mama mkubwa,
ili hawa wasirudi."

Mwiko ulirudi jikoni. Uji ulikuwa umeshaungua.

Wameondoka jana alfajiri.
Bashiru kavaa viatu vya shule,
ile ya kulia kaiacha, kasema ni ya tairi la akiba.
Kikombe cha buluu kimeshinda mezani, hakuna aliyekigombea.
Usiku huu nimeinama mlangoni, mazoea tu,
maana wanangu wako mbele ya macho, mkeka mmoja, wanakoroma.
Ndala sita, na hii moja ya kijani.
Saba.
Nikafunga komeo.